Kakakanga Anayeuliza Njia ya Kwao

Sogeeni huku. Mvua hii haikatiki leo, na haya maharage yanataka mikono. Kila mmoja achukue fungu lake amenye huku anasikiliza. Kidawa, mpishe mwenzako, mkeka si wako peke yako.

Nikileta kisa?

Kilete.

Kikija kimelowa?

Tutakianika.

Kikija na njaa?

Tutakipa masikio.

Haya. Kuna wakati ulikuwapo, wanangu. Siyo zamani ya baba zenu walipokuwa wadogo, hiyo hata mimi nimeishika mkononi. Ni kale ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, na bibi yake naye alisema alisimuliwa tu. Kale hiyo palikuwa na bonde linaitwa Mkunguti, na chini ya bonde mto unaitwa Lukindo. Watu wa Mkunguti walikuwa watu wa mtama. Mtama huku, mtama huku, mtama mpaka kwenye maji.

Sasa mtama ukitia maziwa, ndege wanakuja. Hawaji mmoja, hawaji wawili. Wanakuja kama moshi. Kwa hiyo kila shamba lina dungu lake. Dungu mnalijua? Hamlijui. Ni kichanja kirefu cha miti, unakipanda kwa ngazi, juu kuna nyasi za kukukinga jua, na wewe unakaa humo tangu kunapopambazuka, kombeo mkononi, unaamia ndege. Unarusha jiwe, unapiga kelele. Unarusha jiwe, unapiga kelele. Siku nzima. Mwezi mzima.

Na kelele zao hazikuwa kelele za bure. Zilikuwa vitanza-ndimi.

Dungu la juu kabisa bondeni linaanza: "Chura kachora chui, chui kachoka kuchorwa na chura." Dungu la pili linadakia: "Nyani na nyati nyasini, nani kamnyanyasa nani?" La tatu linadakia: "Popo kapapasa papai, papai likampapasa popo." Hivyo hivyo, dungu kwa dungu, mpaka mtoni. Na anayejikwaa ulimi, wote wanamcheka, na jioni anabeba maji ya jirani yake.

Jaribuni hicho cha chura. Haraka, haraka. Umeona Shomari? "Chui kachora chui." Ungebeba maji wewe mpaka ukome.

Basi ndivyo bonde lilivyoamka. Wanyama wote wa porini walikuwa vinywani mwa watu kabla jua halijatoka. Na ndege wale, kelele hizo ziliwachanganya, wakaenda kula kwingine.

Lakini vitanza-ndimi vya Mkunguti havikuwa vya ndege tu. Hapa mnisikilize vizuri, maana ndipo kisa kilipo. Kijana akimpenda msichana, hatumi mshenga kwanza. Anakwenda asubuhi chini ya dungu la msichana, watu wote wanaona, anasimama na kurusha kitanza-ndimi alichokitunga mwenyewe. Kinaitwa mwanzo. Anakirusha mara tatu kwa pumzi moja. Akijikwaa, anarudi kwao. Asipojikwaa, msichana naye akiwa anataka, anatunga chake palepale, anamjibu kutoka juu. Hicho kinaitwa mwisho. Mwanzo ukikutana na mwisho, wazee wanajua la kufanya.

Mwanzo ni wa mume, mwisho ni wa mke. Hakuna watu wawili wenye mwanzo mmoja, wala mwisho mmoja.

Palikuwa na msichana anaitwa Mwasiti. Dungu la kwao lilikuwa la mwisho kabisa, pale kwenye kivuko, ukitema mate yanaanguka mtoni. Mwasiti huyu alikuwa na ulimi mwepesi, hajajikwaa tangu azaliwe. Wakaja vijana. Mmoja akaja na fisi wake, Mwasiti kimya. Mwingine akaja na swala wake, kasema vizuri, hakujikwaa hata chembe. Mwasiti kimya. Mama yake akamwuliza, "Unangoja nini wewe?" Akasema, "Mama, wote hao wanasema kama wamekariri."

Siku moja akaja kijana anaitwa Mdoe. Mrefu, mkimya, mtoto wa pekee wa Bi Zuena. Akasimama chini ya dungu. Akavuta pumzi. Akasema:

"Kanga kamkanganya kakakuona, kakakuona kamkanganya kanga."

Mara ya kwanza sawa. Mara ya pili sawa. Mara ya tatu, ulimi ukamgeuka:

"Kanga kamkanganya kakakuona, kakakanga kamkanganya kanga."

Kakakanga. Watu wakaanguka kwa kicheko. Madungu yote yakacheka, kicheko kikapanda bonde mpaka juu. Mama yake, Bi Zuena, akajifunika uso kwa ushungi. Mdoe akageuka aende zake.

Mwasiti akainama kule juu, akamwita. "We kaka. Huyo kakakanga ni mnyama gani?"

Mdoe akasimama. Angesema nimekosea, kisa kingeishia hapo. Lakini akafikiri kidogo, akasema, "Ana magamba ya kakakuona na madoa ya kanga."

"Anakula nini?"

"Anakula mchwa, lakini anawadonoa mmoja mmoja, kwa adabu."

"Anakaa wapi?"

"Hajui. Kila akiamka anauliza njia ya kwao."

Mwasiti akacheka. Hakumcheka yeye, alicheka kwa kufurahi. Na kabla mama yake hajamshika mkono, akasimama kule juu, akajibu kwa pumzi moja:

"Wakakanganyana kucha, kukacha wakachoka, wakachoka wakacheka."

Wazee wakanuna. Mzee mmoja akasema, "Huyu kajikwaa, hajibiwi." Mwasiti akasema, "Nimeshajibu." Wakatazamana. Haijawahi kutokea. Lakini mwisho ukishatoka kinywani haurudi. Wakaozwa. Bi Zuena siku ya harusi akamwambia mkwe wake, "Umemchukua mwenye kosa, mwanangu. Usije kuniletea lawama." Mwasiti akasema, "Sitaleta, mama."

Na tangu siku ile Mdoe akishikwa na haraka anasema kakakanga. Akijaribu kusema sawasawa, ndiyo kwanza kakakanga anatoka. Ikawa ndiyo sahihi yake. Jioni wanakaa wawili, wanamwongezea yule mnyama mkia, wanampa ugonjwa wa mafua, wanampa mashemeji. Ilikuwa nyumba ya kicheko.

Sasa. Wanaume wa Mkunguti walikuwa wanakwenda kufuata chumvi. Hakukuwa na chumvi ya dukani wanangu, chumvi ilikuwa safari. Siku arobaini kwenda, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, wanachemsha, wanafunga mizigo, siku arobaini kurudi. Na safari ilikuwa na desturi yake. Mume anaondoka na mwanzo wake. Mke anabaki na mwisho wake, na hausemi. Hata kwa mchezo hausemi. Anaufungia kinywani. Siku mume akirudi, anasimama ng'ambo ya mto, anaita mwanzo. Mke akimjibu, ndipo anavuka. Kungoja kumekwisha.

Na kama mume kafa huko? Ndiyo, Kidawa, wengine walikufa. Basi mtu mwingine anauleta mwanzo wake, anasimama palepale, anauita kwa niaba yake. Mke akijibu, ndiyo kakubali. Matanga yanaanza siku ileile. Asipojibu, mtu wake bado yuko njiani, hakuna wa kumwita mjane. Na aliye ng'ambo asiyejibiwa havuki, wala mtu wa huku haendi kumchukua. Kivuko hakitaki ubishi. Ndivyo walivyoishi.

Mdoe akaenda chumvi.

Alipovuka akageuka, akasema, "Mwasiti, mtunzie kakakanga mchwa." Mwasiti akasema, "Nenda, utachelewa." Hayo ndiyo maneno yao ya mwisho, na Mwasiti aliyajutia, maana si maneno ya kumwambia mtu.

Wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Wakasema tuligawana njia kwenye msitu, tukamngoja, hakutokea. Hatukuona mwili. Kwa hiyo hawakuwa na mwanzo wa kuleta.

Mwasiti akapanda dungu. Msimu wa kwanza akasikiliza. Dungu la juu linaanza, chura kachora chui, linashuka, linashuka, nyani na nyati nyasini, linafika kwake. Likifika kwake linakatika. Yeye anageuza uso ng'ambo, anasikiliza. Maji yanapita. Anasikiliza. Maji yanapita.

Msimu wa pili vilevile. Msimu wa tatu vilevile. Wasichana aliokuwa nao wakapata watoto, watoto wakapanda madungu, wakajifunza vitanza-ndimi, wakajikwaa, wakabeba maji. Msimu wa tano. Msimu wa sita. Watu wakasahau mwisho wa Mwasiti ulikuwaje. Mtu akimwuliza, anatikisa kichwa. Kuna siku alikuwa peke yake anatwanga, akaona midomo yake inataka kuusema yenyewe, akaiziba kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka ikatulia.

Bi Zuena alizeeka naye. Wawili wale walikuwa wanaishi nyumba moja, hawasemezani sana, lakini hakuna aliyekula kabla ya mwenzake.

Msimu wa tisa mtama ulitia maziwa mapema. Asubuhi moja ukungu umekaa juu ya mto, madungu yameshuka mpaka kwake, yamekatika kama kawaida, Mwasiti kageuza uso ng'ambo. Akasikia:

"Kanga kamkanganya kakakuona, kakakanga kamkanganya kanga."

Niacheni kwanza nimeze mate.

Mwasiti alisimama mpaka dungu likayumba. Kinywa kikafunguka. Mwisho ulikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, miaka tisa uko pale. Ukaitwa tena:

"Kanga kamkanganya kakakuona, kakakanga kamkanganya kanga."

Akafunga kinywa. Ilikuwa sauti ya mtoto.

Ukungu ukapanda, akaona. Ng'ambo kuna wachukuzi wa chumvi kama kumi hivi, wametua mizigo, na mbele yao, miguu ndani ya maji, kuna mtoto wa kike. Miaka saba, labda sita. Karefu. Kamesimama kama mtu aliyeambiwa asisogee.

Mwasiti alijua. Hakuambiwa, alijua. Kosa lile lilikuwa la mtu mmoja tu duniani, na mtoto hazaliwi nalo, anafundishwa.

Katikati ya Lukindo palikuwa na kisiwa cha mchanga, pale ndipo watu wa huku walikutana na watu wa kule kubadilishana vitu. Mwasiti akatia miguu majini akaenda. Mkubwa wa wachukuzi, Mzee Gota, naye akaja kutoka ng'ambo. Mzee ndiye aliyeanza.

"Wewe ndiye mke wa Mdoe?"

"Mimi."

"Nyati alimvunja mguu msituni. Watu wa chemchemi nyingine, ambako watu wenu hawafiki, walimwokota. Mguu haukuunga vizuri, hakuweza tena mwendo mrefu. Akakaa anachemsha chumvi. Kila mwaka alikuwa anaomba achukuliwe, na wachukuzi wa kule hawabebi mtu, wanabeba mizigo, wala njia yao haipiti hapa."

"Na mtoto?"

"Wake na mwanamke aliyemuuguza huko. Kafa akijifungua wa pili, yeye na kichanga. Na Mdoe mwenyewe tumemzika masika haya." Mzee Gota akakung'uta mchanga mikononi. "Alitwambia, mfikisheni mtoto kivukoni mtama ukitia maziwa. Anaujua mwanzo wangu. Akijibiwa, ni wa kule. Asipojibiwa, basi mfikirie wenyewe."

"Mtamfikiria vipi?"

"Dada yangu, sisi tunakwenda mbali, hatupiti tena hapa. Kesho kutwa asubuhi tunabeba. Tukiondoka naye tutamwacha kwa yeyote njiani anayetaka mtoto wa kumtuma."

Mwasiti akarudi. Akapita kati ya watu waliojaa ukingoni, asimwangalie mtu. Akaingia ndani akakaa sakafuni.

Sasa nyie mnasema, si amjibu tu. Nawaona mnavyonitazama. Ngojeni. Akijibu, Mdoe amekufa. Asipojibu, Mdoe yuko njiani. Miaka tisa alikuwa anaamka kwa ajili ya mtu aliye njiani. Ukimwondoa mtu huyo, anaamkia nini? Halafu kuna jingine. Mwenzie kule alipata mke, alipata mtoto, alikuwa na mtu wa kucheka naye jioni. Yeye alikuwa na kiganja chake kwenye mdomo. Moyo ulimwuma pande mbili, hajui aushike wapi.

Bi Zuena akaingia, akakaa karibu naye. Akasema, "Yule mtoto ana miguu ya mwanangu."

"Nimeiona, mama."

"Nimelia tangu asubuhi. Nimelia kimyakimya, maana sijaruhusiwa kulia kwa sauti. Wewe hujajibu."

Mwasiti akamsogezea bakuli la uji.

"Siku ya harusi yenu nilikwambia maneno mabaya."

"Yalishapita."

"Hayajapita. Nilisema umemchukua mwenye kosa. Leo nimemjua mjukuu wangu kwa kosa hilohilo." Bi Zuena akajifuta uso. "Mwasiti, mimi ni mama yake. Ungekuwa mwisho wangu, ningeshausema. Lakini si wangu. Sikulazimishi. Nimekuja kukaa nawe tu."

Wakakaa. Uji ukapoa.

Siku ya pili asubuhi mtoto akaita tena. Safari hii bonde zima lilinyamaza. Dungu la juu halikuanza, nyani na nyati hawakutajwa, na ndege walikula mtama siku ile, watu wakawaacha wale. Mtoto akaita mara tatu. Mwasiti juu ya dungu, ameshika mti kwa mikono miwili.

Mtoto alipoona kimya, akaanza kuongea tu, kwa ile sauti ya watoto, ya kumsemesha mtu asiyeonekana.

"Mama wa ng'ambo. Baba alisema upo. Baba alisema unamtunzia kakakanga mchwa."

Maji yanapita.

"Kakakanga kwetu alikuja. Alikuwa anauliza njia ya kwao kila siku. Baba akasema, aliuliza mpaka sauti ikamkauka, sasa tumwulizie sisi."

Maji yanapita.

"Nimemwulizia. Wale wanaume wakasema ndiyo hapa."

Mwasiti akashuka dungu, akaenda zake shambani, akajitupa katikati ya mtama pale ambapo hakuna wa kumwona. Alikaa humo mpaka jua likageuka. Alilia? Sijui. Bibi yangu hakuniambia, na mimi siwezi kuwaongezea.

Siku ya tatu wachukuzi waliamka mapema. Wanafunga kamba, wanainuana mizigo mabegani, wanaitana majina. Mzee Gota akamshika mtoto bega. Mtoto akasema, "Bado. Nimwite mara moja." Mzee Gota akatazama ukingo wa huku. Watu wote wamesimama, hakuna anayekohoa. Akasema, "Mara moja, mama. Jua linatuacha."

Mtoto akatia miguu majini. Sauti ilikuwa imekwisha, siku mbili za kuita. Akaanza:

"Kanga kamkanganya... kamkanga..."

Ikamkatika. Akaanza upya.

"Kanga kamkaka..."

Akasimama. Akageuka kumtazama Mzee Gota, kama mtu aliyeangusha chungu cha wenyewe. Alikuwa amebeba kitu kimoja tu kutoka kwao, mwendo wote ule, na hapa mbele ya maji kimemponyoka.

Ndipo Mwasiti aliposimama kule juu. Akasema, polepole, kama unavyomwonyesha mtoto pa kukanyaga, "Kanga kamkanganya kakakuona."

Mtoto akageuka. Hakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo. Akadakia, "Kakakanga kamkanganya kanga."

Na Mwasiti akavuta pumzi. Miaka tisa, wanangu. Ulimi uliokaa miaka tisa. Wazee wakafikiri atajikwaa, mwenyewe alifikiri atajikwaa. Hakujikwaa. Akasema kwa pumzi moja, sauti ikavuka maji, ikagonga miti ya ng'ambo ikarudi:

"Wakakanganyana kucha, kukacha wakachoka, wakachoka wakacheka."

Hapo Bi Zuena akakaa chini palepale alipokuwa amesimama, akamlilia mwanawe. Akalia kwa sauti, kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wanawake wakamjia, kilio kikapanda bonde, dungu kwa dungu, mpaka juu kabisa. Ndivyo Mdoe alivyozikwa Mkunguti, bila yeye kuwapo.

Mwasiti hakuwa amelia bado. Alishuka ngazi, akaingia mtoni. Maji magotini. Akapita kisiwa cha mchanga. Maji mapajani. Akatoka ng'ambo, akasimama mbele ya mtoto, akachuchumaa. Wakatazamana.

Mtoto akasema, "Wewe ndiye mwisho?"

"Ni mimi. Unaitwa nani?"

"Mashavu."

"Umekula, Mashavu?"

"Jana."

"Panda mgongoni."

Akampandisha, akageuka, akaanza kurudi. Mzee Gota akavua kofia, akainua mzigo wake, wachukuzi wakaondoka. Mwasiti anakwenda, maji yanapita. Walipofika katikati, mtoto akahisi mgongo unatikisika. Akaweka kidevu begani mwa yule mama, akamwuliza sikioni, "Unalia nini? Pana kina?"

"Hapana kina," akasema Mwasiti. "Nishike tu vizuri."

Akamshika.

Ndiyo hivyo, wanangu. Mnanifuata mniulize, bibi, maneno ya kuchezea yana kazi gani? Chura na chui, nyani na nyati, vinatusaidia nini? Mimi nawaambia hivi, vichezeeni. Jikwaeni, chekaneni, rudieni. Maana mtu anaweza kwenda asirudi, na mali yake isirudi, na sura yake mkaisahau, lakini neno alilocheka nalo na nyinyi linaweza kubebwa na mtoto likafika. Na likifika, liitikieni. Hata likija na habari msiyoitaka, msimwache mtoto wa watu amesimama majini.

Hapo aliponiachia bibi yangu ndipo ninapowaachia. Mimi nimetua, nanyi jitwikeni. Haya, nani kamaliza fungu lake la maharage?